Kadi ya Arobaini na Moja

Saa tisa usiku, Łódź, Januari.
Bomba la joto linagugumia ukutani
kama mtu anayetafuta meno yake gizani.
Nimetandaza kadi mezani, juu ya plastiki yenye cheri
zilizofutika pale viwiko vinapokaa.
Asubuhi Profesa Gorzelak ataniita kwa jina la ukoo
na kuniuliza kwa upole. Upole wake ndio unaotisha.

Kadi ya kwanza naijua hata usingizini.
Ksawery aliitungia ubeti, tukaukariri kwenye tramu
mpaka abiria mmoja akahama kiti:

    Wekundu ndio wa kwanza, joto likafuatia,
    Uvimbe nao waanza, maumivu kuingia,
    Kiungo kikikuponza, kazi kimeikimbia,
    Hayo ndiyo ya kufunza, usiende kusinzia.

Neutrofili hutangulia, kama vijana wa zimamoto:
wanavunja mlango, wanamwaga walichobeba, wanafia palepale,
nasi tunawaita usaha, bila shukrani.
Kisha makrofaji, wafagizi wenye subira.
Kisha kovu.
Au kisha haiishi,
na hapo kadi zinaanza kuwa ngumu.

Mlango unalia. Bibi Leokadia,
soksi juu ya soksi. Vidole vimemwamsha tena.
Kikombe anakishika kwa viganja viwili
kama anayeinua kifaranga.
Miaka ishirini na minne alisimama penye mitambo ya kufumia,
katika kiwanda ambacho leo kinauza viatu na kahawa yenye povu.
Daktari wa mtaa alimwandikia mafuta ya kuchua
na neno moja: uzee.

"Niulize," namwambia. Anavaa miwani.

"Kukakamaa asubuhi. Muda gani?"
"Chini ya nusu saa, gegedu limechakaa.
Ikipita saa nzima, fikiria baridi yabisi."
Anakuna shavu kwa kifundo cha mkono.
"Mimi mpaka redio imalize habari za saa nne."
Huamka saa kumi na moja. Nahesabu.

"Hii kingamwili inashika nini?"
"Kingamwili nyingine. Mkiani."
"Askari anamkamata askari?"
"Ndiyo."
"Na mwizi?"
"Hakuna mwizi, bibi."
Anacheka mpaka anakohoa.
"Tulipata majira ya baridi kama hayo," anasema,
wala haongezi.

Kadi ya arobaini na moja.
"Pannus."
Namwaga yote: utando wa kiungo umevimba, umenenepa,
unatambaa juu ya gegedu, unalila,
unafika mfupani, unauguguna.
Sijakosea hata herufi.
"Sawa. Lakini neno lenyewe?"
Nyuma ya kadi sikuliandika.
Nafungua kamusi ya Kilatini ya shule, jalada limeng'oka.
Kitambaa. Pande la nguo.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema,
ila hawakusema kuna nguo inayofumwa ndani,
uzi kwa uzi, chini ya ngozi, bila kelele za mtambo,
wala king'ora cha kumaliza zamu.

Leokadia anaugeuza mkono chini ya taa.
Vidole vyote vimelalia upande wa kidole cha mwisho,
nyasi za upepo mmoja.
Hilo nalo lina jina, kadi nne mbele. Silitaji.
Anaukagua kama alivyokagua majora,
akitafuta kasoro.
"Mfumaji huyu," anasema, "hajui kupumzika."

Nachukua kadi tupu. Naandika jina lake,
umri, sabini na minne, saa sita za kukakamaa,
na simu ya kliniki, inayofunguliwa saa mbili.
Mtihani ni saa tatu. Nitapiga kwanza.

"Endelea," anasema. "Arobaini na mbili, jongo.
Kwenye darubini, fuwele zina umbo gani?"
"Sindano."
"Ehe! Sasa na sindano wameleta."

Tramu ya kwanza inapita, vikombe vinatetemeka kabatini.
Kadi hawezi kuiokota:
anaisukuma kwa kifundo hadi ukingoni mwa meza,
inainama,
ndipo anaidaka.